Biskuti ya Moto Mara Mbili: Tuliyojifunza kwa Ndimu, Mrehani na Hasara

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya wenzetu katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Mokowe. Tumeombwa tuyaandike ili na wale ambao hawakufika wayasome kikundini.)

 

Tumeitwa hapa tueleze jinsi tunavyooka biskuti za ndimu na mrehani. Tutaeleza, wala hatutaficha kipimo hata kimoja. Lakini kwanza tutawaeleza jinsi tulivyopata hasara, maana mapishi bila ile hasara hayatawasaidia. Mtarudi nyumbani mtaoka vizuri, kisha mtapoteza pesa zenu kama tulivyozipoteza zetu.

Tulivyoanza

Kikundi chetu kina watu wa Mpeketoni, wa Hindi, na wa visiwani. Wako Wakristo, wako Waislamu. Tunalitaja hili kwa sababu tunaishi Lamu, na hakuna hapa aliyesahau mashambulio ya Mpeketoni ya Juni 2014. Baada ya siku zile watu walikuwa wakitazamana kwa wasiwasi hata sokoni. Kwa hiyo kukaa kwenye meza moja na kukanda unga pamoja, kwetu si jambo dogo.

Wazo lilitoka kwa ndimu. Mnajua mambo ya ndimu: msimu ukifika kila mtu anazo, na bei inaanguka mpaka mtu anaona heri zioze chini ya mti kuliko kulipa nauli ya kuzipeleka sokoni. Tukajiuliza: tufanye nini na tunda ambalo kila jirani analo? Juisi inataka barafu. Achari tayari wanapika wengi. Ndipo dada mmoja aliyewahi kufanya kazi jikoni hotelini akatuambia kuna biskuti ya Kiitaliano, ndefu, kavu sana, inayookwa mara mbili, ambayo wageni huichovya katika kahawa. Huitwa biscotti.

Sisi tukacheka. Biskuti kavu ya kuchovya? Hiyo si tosti tu? Wazee wetu wa Lamu wamekaa barazani na kahawa tungu miaka yote, na kitu kikavu cha kutafuna pembeni. Lakini tulipouliza zaidi tukaona si jambo geni hata kidogo. Neno lenyewe “biskuti” limetoka katika Kilatini, na maana yake ni kitu kilichopikwa mara mbili. Mabaharia wa zamani walibeba mkate wa namna hiyo kwa sababu ukikauka sawasawa hauoti ukungu upesi safarini. Watu wa visiwa tunalielewa jambo hilo bila kusomeshwa.

Kwa nini ganda, kwa nini mrehani

Yule dada alitaka tununue ile chupa ndogo ya harufu ya dukani. Bi mmoja wa Matondoni akauliza, “Mwanangu, hiyo imetengenezwa kwa nini?” Tukasoma karatasi ya chupa, tukakuta ndani mna kileo. Basi mjadala ukaisha hapo hapo. Biskuti ambayo nusu ya kikundi hawawezi kuila haiwezi kuwa biskuti ya kikundi. Vilevile tuliacha mafuta yoyote ambayo hatujui yametoka kwa mnyama gani. Tunatumia samli au mafuta ya mboga, basi.

Harufu tukaitafuta nyumbani, na humo tuliipata. Ipo kwenye ganda la ndimu, si kwenye maji yake. Ukiliminya ganda karibu na jicho utajua mwenyewe: yale mafuta yanayoruka ndiyo harufu. Maji ya ndimu yana ukali, lakini ni maji, na maji ndiyo adui wa biskuti kavu. Kwa hiyo tunakuna ganda la kijani au la manjano peke yake. Ukifika kwenye nyama nyeupe, simama. Ile ni chungu. Ndimu iliyobaki usiitupe, ikamue ufanyie achari au uuze maji yake.

Mrehani tunao uani, tumezoea kuuvaa na kuuweka na asumini. Wengine hawakupenda kuutia kwenye chakula. Walisema nyumba itanukia kama ya harusi. Tukajaribu kidogo kidogo. Tukagundua kwamba mrehani mbichi unatia maji katika unga na unageuka mweusi. Mrehani uliokaushwa kivulini siku tatu nne, ukafikichwa kwa mkono, unakaa vizuri na ndimu. Usiuanike juani, jua linakula harufu. Asiyependa mrehani atumie mchaichai uliokaushwa na kutwangwa laini, au iliki. Chungwa na iliki ni marafiki wa zamani.

Na mahali pa lozi za Waitaliano tulitia korosho zetu za Lamu, au simsim. Tuna haja gani ya kununua lozi za mbali?

Vipimo vya mkupuo mmoja

Unga wa ngano, vikombe 2.
Sukari, robo tatu ya kikombe.
Mayai 2.
Samli au mafuta, vijiko 3 vya mezani.
Beking pauda, kijiko 1 cha chai.
Chumvi, robo kijiko cha chai.
Ganda la ndimu 3 lililokunwa (au la machungwa 2).
Mrehani mkavu uliofikichwa, kijiko 1 cha chai.
Korosho zilizokaangwa na kukatwakatwa, nusu kikombe.

Kikombe ni kile kile kimoja kwa vitu vyote. Kikundi kichague kikombe chake kikiandike jina, wala kisitoke jikoni. Sisi tulikuwa na vikombe vitatu vya ukubwa mbalimbali, na kila mama akiapa kwamba amefuata kipimo.

Kufanya unga

1. Nawa mikono kwa sabuni. Anayeharisha au mwenye kidonda mkononi apumzike siku hiyo, atafanya kazi ya daftari.

2. Vunja kila yai peke yake kwenye kikombe kabla ya kulitia. Yai moja bovu likiingia bakulini limekula yote.

3. Sugua sukari na maganda ya ndimu kwa vidole mpaka sukari ilowe harufu. Hili usiliruke, ndilo linaloitoa ndimu gandani.

4. Tia mayai na samli, koroga. Chekecha unga, beking pauda na chumvi, tia, halafu mrehani na korosho. Kanda kidogo tu, mpaka vishikane. Ukiona unga unanata sana, paka mikono mafuta, usiongeze unga ovyo.

5. Gawa mara mbili. Kila nusu ifanye mkate mrefu, mwembamba, upana wa vidole vitatu, kimo cha kidole kimoja. Weka kwenye bati lililopakwa mafuta, uache nafasi katikati kwa sababu itatanuka.

Moto wa kwanza

Wengi wetu hatuna oveni. Hakuna haja. Mama zetu wameoka mkate wa mayai kwa makaa juu na chini tangu zamani. Chukua sufuria kubwa nene, tia mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, panga vijiwe vitatu juu yake, na hapo ndipo bati litakaa. Funika kwa bati tambarare, palia makaa juu. Sheria ni hii: chini machache, juu mengi.

Joto tunalipima kwa karatasi nyeupe. Weka kipande ndani, funika, hesabu dakika tano. Kikitoka rangi ya chai ya maziwa, moto ni sawa. Kikitoka cheusi, punguza. Kikitoka cheupe, bado.

Oka kama nusu saa, mpaka mikate ishike na iwe na rangi kidogo juu. Itoe. Sasa ngoja robo saa. Ukikata ikiwa moto inavunjika, ukingoja ipoe kabisa inakatika vibaya. Kata kwa kisu chenye makali, mshazari, unene wa nusu inchi. Utapata vipande kama 30, pamoja na vile vinne vya ncha.

Moto wa pili

Hapa ndipo tulipoanguka sisi, kwa hiyo sikilizeni.

Ondoa nusu ya makaa ya juu na nusu ya chini. Moto wa pili hauivishi, unakausha. Laza vipande, dakika kumi upande mmoja, dakika kumi upande wa pili. Kisha ondoa makaa yote ya chini, funua mfuniko kidogo mvuke utoke, na uache biskuti humo humo mpaka sufuria ipoe yenyewe. Zikikauka kau, kipande kikivunjwa kinalia. Kikijikunja bila kulia, rudisha motoni.

Baada ya hapo zipoe angalau saa moja, juu ya kitambaa safi au ungo. Usizitie koponi zikiwa na joto. Joto linatoa jasho, na jasho linalainisha biskuti na kuleta ukungu.

Hasara yetu

Mwenye duka mmoja wa kisiwani alionja biskuti zetu, akazipenda, akaagiza makopo 30 kwa mara moja. Hatutamtaja kwa sababu hakuwa na kosa. Tulifurahi sana. Unga na sukari vya makopo 30 hatukuwa na pesa zake, tukakopa katika mfuko wetu wa karo. Tulisema, wiki mbili tu, tutarudisha na faida juu.

Ilikuwa wakati wa mvua za kusi. Makaa yalikuwa na unyevu. Siku ya mwisho ikafika, mashua inaondoka alasiri na maji, na bado tulikuwa na mabati saba hayajaingia moto wa pili. Tukasema, “Aa, hizi ni kavu tu, tazama.” Tukafunga. Nyingine tulizifunga zikiwa bado zina joto mkononi.

Baada ya siku tisa makopo yalirudi. Mwenye duka alifungua moja mbele yetu. Hatukuhitaji kuambiwa, tulinusa. Yalikuwa na ukungu wa kijani. Alidai arudishiwe malipo yake ya kwanza, na alikuwa na haki.

Jioni ile tulikaa, na maneno yakawa mabaya. Watu wakaanza kuuliza, nani alioka mabati ya mwisho? Jina moja likatajwa, halafu likatajwa tena. Kisha mtu akasema, “Ninyi watu wa huko...” Mnajua sentensi hiyo inakwenda wapi hapa kwetu. Yule mama aliyetajwa alivua kanga yake ya kikundi akaikunja akaiweka mezani.

Bi mkubwa wetu wa Matondoni hakujibu maneno. Alivuta kopo moja, akatoa biskuti, akaivunja katikati, akatuonyesha ndani. Ilikuwa laini kama mkate. Akasema, “Wanangu, hii haijaona moto wa pili. Nani kati yetu hakulijua hilo siku ile?” Hapakuwa na mtu wa kuinua mkono. Sote tulikuwepo. Sote tulisema “hizi ni kavu tu”. Akachukua ile kanga akamrudishia mwenyewe mapajani.

Hivyo kikundi kilipona, lakini pesa hazikurudi kwa maneno mazuri. Msichana wa mwenzetu mmoja, aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza, alichelewa wiki tatu kuripoti shuleni kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu. Wiki tatu hizo mama yake alikuja kukanda unga nasi kila siku, hakutusema neno. Sisi tuliokuwa tukimtazama ndio tunaojua uzito wake.

Tulibadilisha nini

Kwanza, mfuko wa karo haukopeshi biashara. Una kitabu chake, una kufuli lake, na funguo ziko kwa watu watatu wa vijiji tofauti.

Pili, anayeagiza vingi analipa nusu kwanza, na hatuchukui oda kubwa kuliko tunayoweza kukausha kabla ya siku moja ya safari. Siku ya mwisho hatuoki, tunafunga tu.

Tatu, kila mkupuo una kopo la ushahidi. Tunaweka biskuti chache kwenye kopo letu, tunaandika tarehe na majina ya wote waliooka, wala si mmoja. Tunafungua baada ya wiki moja, mbili, tatu. Za mara mbili, zilizofungwa vizuri, wiki ya tatu bado zinalia. Likilainika kopo la ushahidi, tunampigia simu mwenye duka kabla hajatupigia yeye.

Nne, wakati wa mvua tunaoka kidogo na tunakausha makaa kwanza. Siku hizi tunachanganya na vifuu vya nazi, vinawaka vizuri. Makaa ya mikoko tumeyakataa. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na samaki na kamba wetu wachanga hukulia humo. Tusichome nyumba ya samaki kwa ajili ya biskuti.

Hesabu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tutatoa mfano. Bei ni za mfano tu, wekeni za kwenu.

Tuseme mkupuo mmoja: unga shilingi 25, sukari 25, mayai 40, samli 15, korosho 40, ndimu na mrehani 10, beking pauda 5, makaa 40. Jumla 200. Kopo, karatasi na usafiri 30. Jumla yote 230. Vipande vizuri 26 kwa shilingi 10 ni 260. Vile vinne vya ncha tunauza shilingi 5 kimoja, ni 20. Jumla 280. Kinachobaki ni shilingi 50, na bado hujalipa jasho la mtu.

Sasa oka mikupuo minne mfululizo. Sufuria imekwisha pata moto, kwa hiyo makaa hayawi 160, tuseme yanakuwa 80. Vitu vingine ni 640, vifungashio na usafiri 120. Jumla 840. Mauzo ni mara nne ya 280, yaani 1,120. Kinachobaki ni 280, siyo 200. Zile 80 zimetoka kwenye moto tu. Ndiyo maana tunaoka pamoja, siku mbili kwa wiki, badala ya kila mtu kwake. Na ndimu andikeni bei hata kama zimetoka shambani kwako. Usipoandika, utadhani una faida, kumbe umeuza mti wako bure.

Sheria

Msiuze kwa siri. Nendeni ofisi ya afya ya umma mpimwe mpate vyeti vya kushika chakula, na mchukue leseni ya kaunti. Mkitaka kuingiza katika maduka makubwa, ulizeni Shirika la Viwango la Kenya kuhusu alama ya ubora. Na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017. Sisi tunatumia makopo yenye mfuniko unaokaza, na karatasi safi ndani. Mteja akirudisha kopo tunampunguzia bei. Kopo lioshwe, likauke juani kabisa kabla ya kutumika tena.

Soko tulilonalo ni la wenyewe kwanza: wauza kahawa, vioski vya chai, nyumba wakati wa Ramadhani, Idi na Krismasi. Hoteli zikija, karibu. Lakini kikundi kisitegemee wageni peke yao. Mwaka 2020, wakati wa korona, tuliona jinsi wageni walivyokosekana.

La mwisho

Katika Biblia yuko mjane wa Sarepta aliyekuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, na unga ule haukwisha. Tunapenda habari hiyo. Lakini mtazame vizuri: yule mama alimwokea mwingine kwanza, kabla ya nafsi yake. Sisi tulijiokea faida kwanza, kwa mfuko wa watoto, na unga ukaisha.

Sasa tunarudisha kidogo kidogo. Karo ya muhula huu ya yule msichana imelipwa yote, na aliyepeleka risiti shuleni ni yule mama aliyetaka kuacha kanga yake mezani. Mfuko bado haujajaa, tunasema kweli. Haba na haba.

Tumeleta kopo moja. Lina tarehe na majina yetu sote. Fungueni, vunjeni, sikilizeni kama zinalia. Zisipolia, tuambieni hapa hapa.



Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Kwetu ni zao gani linalooza kwa kukosa bei? Lina kitu gani ambacho hatujakitumia?
2. Je, fedha za karo, za ugonjwa na za biashara ziko katika mfuko mmoja? Nani ana funguo?
3. Hasara ikitupata leo, tutauliza “nani?” au tutauliza “vipi?”
4. “Moto wa pili” wa kazi yetu ni upi, ile hatua ambayo tunairuka tukiwa na haraka?